Ufa wa Madale

Idrisa alinipigia simu mwenyewe. Sikuwa nimeisikia sauti yake kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini niliitambua kabla hajataja jina. "Rehema, mama katangulia. Tunazika baada ya adhuhuri, hapa hapa Kunduchi." Nikaitikia inna lillahi, tukaagana, nikabaki nimekaa kitandani na kanga moja mkononi, sijui ya pili nimeiweka wapi. Kifo chenyewe hakikunishtua; Bi Mwanaidi alikuwa mtu mzima sana na watu walishasema anaumwa. Kilichonishtua ni kwamba mwanawe alitaka niwepo. Nilikwenda. Nikakaa ndani na wanawake, nikaitikia dua, nikasaidia kumenya vitunguu. Jeneza lilipotoka nilimwona Idrisa kwa mgongo tu, ndevu zimekuwa nyeupe, bega lake chini ya jeneza. Jioni walisema ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama yake. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua kuandika juu ya mwaka ule, ambao mpaka leo nimeusimulia kwa vipande vipande, na kila mara nikikiruka kipande kimoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo na cheti changu cha jiolojia, na nilikuwa nimepata kazi ya mwaka mmoja kwenye mradi wa kupima ardhi kati ya Bunju na Madale. Siku hizo Madale ilikuwa vilima na vichaka, na nyumba moja moja ambazo hazijapigwa lipu. Tulikuwa tunatafuta nyufa za zamani zilizo ndani kabisa ya gamba la dunia, mahali ambapo miamba iliwahi kukatika na kuteleza, na ambapo siku moja inaweza kuteleza tena na kuleta tetemeko. Nyufa hizo huzioni kwa macho, maana juu yake kuna mchanga, kuna udongo mwekundu, kuna mashamba ya watu. Unazitafuta kwa njia za kuzunguka. Mwamba mzito huvuta vitu kwa nguvu kidogo zaidi kuliko mwamba mwepesi, na kuna mashine inayoweza kuisikia tofauti hiyo. Hiyo ndiyo niliyopewa mimi. Ni kiboksi cha ukubwa wa ndoo ndogo, unakiweka chini, unakisawazisha, unashika pumzi mpaka kitulie. Njia ya pili ni usumaku. Miamba mingine ina chuma zaidi ya mingine, na mtu akipita juu yake amebeba kipimo cha sumaku, namba hupanda na kushuka. Kipimo hicho kilikuwa mgongoni kwa Idrisa, kimefungwa kwenye mti mrefu uliomzidi kimo, na tuliuita fimbo.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Mohsin, Mhindi wa mjini, Khoja, mtu mwembamba mwenye miwani minene, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Dar zaidi kuliko changu. Kwenye suala la chuma hakuwa na mzaha. Aliyebeba fimbo hakuruhusiwa kuwa na funguo, saa, mkanda wala sarafu. Siku ya kwanza alituzungusha mmoja mmoja mbele ya kipimo kama watu wanaopimwa suti, na mimi nilirudishwa ndani mara mbili, kwanza kwa pini za nywele, kisha kwa jambo ambalo yeye aliona haya kulitaja na mimi nikaona haya kuliuliza, mpaka nikaelewa ni waya wa sidiria. Idrisa hakuwepo siku hiyo. Alikuja mwezi mmoja baadaye, kuziba nafasi ya mtu aliyeacha kazi, na Daktari alimwambia tu, "Mifuko yote toa kila kitu, bwana." Akatoa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi, mtoto wa Kunduchi wa asili, mtaratibu, na alitembea porini kwa mstari ulionyooka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mguu wa kushoto aliuburuta kidogo sana. Nilidhani ni mwendo wake.

Tulikaa kwenye nyumba ya Mama Koku. Alikuwa mjane wa Kihaya, amejenga nyumba ya mbele ya vyumba vinne, akatukodisha, mwenyewe akakaa banda la uani na wanawe. Sebule tuliigeuza ofisi: sakafu ya saruji nyekundu, meza moja, kompyuta iliyofunikwa shuka kwa ajili ya vumbi, ramani ukutani. Mpaka leo nikinusa ndizi zinazochemka na maharage naiona sebule ile. Mama Koku alitupikia mchana, Idrisa akirudi kwao Jumamosi alileta samaki changu wa kukaanga kutoka kwa mama yake, na Ijumaa Daktari alileta biriani ya mkewe kwenye vyombo vya bati vilivyopandana, tukala wote kwenye mkeka mmoja. Nilikwenda mara mbili tatu na Idrisa kwao. Bi Mwanaidi alikuwa akisuka ukili wa mikeka, vidole vinakwenda vyenyewe, na aliniambia kwamba alikuwa na watoto wawili wa kiume, mmoja huyu, na mwingine Shabani, ambaye bahari ilimchukua akiwa na miaka kumi na saba, ngalawa ilipopinduka. Maiti haikuonekana. Kila mwaka alimsomea khitma. Idrisa aliposikia mama yake anayasema hayo alitoka nje kwenda kuangalia kitu, na sikulifikiria jambo hilo hata kidogo.

Mwezi wa saba malaria ilimlaza Idrisa wiki mbili. Daktari hakutaka kazi isimame, akaniambia nivae fimbo. Idrisa alikuwa amemaliza upande wa mashariki wa vile vilima. Mimi nikapima upande wa magharibi, kuanzia pale alipoishia. Kwa desturi, kazi ya wapimaji wawili hukatwa na mistari ya kuhakiki, mtu mmoja akipita tena juu ya njia za mwenzake, lakini tuliiahirisha, nasi tukaisahau. Data zote zilipoingizwa kwenye kompyuta na ramani ya usumaku kutoka, tuliinama mezani wote watatu. Mashariki ilikuwa nyekundu, namba za juu. Magharibi ilikuwa bluu, namba za chini. Kati yake kulikuwa na mpaka uliokatwa kama kwa kisu, kutoka upande wa Bunju mpaka ndani ya Madale, na nyumba tuliyokuwa tumekaa ilikuwa juu yake kabisa.

Nakumbuka niliangalia sakafu. Ni kitendo cha kijinga kwa mtu aliyesoma jiolojia, lakini niliangalia ile saruji nyekundu chini ya miguu yangu na nikainua kisigino. Daktari akapiga simu kwa wakubwa zake hapo hapo, sauti imepanda, dirisha wazi. "Ndiyo, ufa mkubwa. Hapana, si mdogo. Unapita chini ya makazi ya watu. Hapa hapa nilipo mimi, chini ya nyumba hii." Uani sufuria likaanguka. Nilipotoka nilimkuta Mama Koku amesimama, uji umemwagika mpaka kwenye ndara zake.

"Amesema nini yule?"

"Bado tunachunguza, mama."

"Mimi natoka Bukoba, mwanangu. Nimeona ardhi ikitembea. Kaka yangu alitolewa chini ya ukuta wake mwenyewe akiwa hai, akafa siku ya tatu. Usinifiche."

Kuanzia siku hiyo alihamishia magodoro ya wanawe chini ya mgomba, na ndani ya wiki moja mtaa mzima ulijua. Fundi aliyekuwa akipandisha ukuta wa jirani aliondoka na vyombo vyake. Watu walikuja mlangoni kwetu kuuliza, kwa adabu, wakivua viatu, kama waliokuja kuchukua majibu hospitalini. Daktari aliwaambia wasihofu, na kila alivyosema wasihofu walizidi kuogopa.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Ramani ya uvutano, ile ya kiboksi changu, haikuonyesha kitu pale. Ilionyesha miamba ikizama polepole kuelekea mashariki, laini kama kitanda kilichotandikwa. Nilimwambia Daktari. Akasema uvutano hauoni kila kitu. Miamba miwili inaweza kuwa na uzito mmoja na chuma tofauti. Ni kweli, inawezekana. Lakini halikunitoka.

Kulikuwa na kipimo cha pili cha sumaku tulichokiacha kimesimama uani, mbali na magari na mabati, kikisoma namba kila baada ya muda, kwa sababu usumaku wa dunia wenyewe hubadilika mchana kutwa. Alasiri moja nilikuwa nimekaa karibu yake nikinakili namba kwenye daftari. Idrisa alikuwa ametoka kuoga. Alikuja na muhogo wa kuchoma kwenye kipande cha gazeti, pilipili pembeni, amevaa msuli tu, kifua wazi, miguu mitupu. Aliinama kuniwekea muhogo, nyonga yake karibu na kipimo, na namba ikapanda. Akasogea. Ikashuka. Nikadhani ni mashine. Akarudi kuchukua kipande kimoja, ikapanda tena.

Nilimwangalia mtu yule toka utosini mpaka nyayoni nikitafuta chuma. Hakuwa na pete. Hakuwa na hata kifungo. Kichwa kilikuwa kimeshaelewa: nyekundu ilikuwa njia zake, bluu ilikuwa zangu, na mpaka ule ulikuwa pale alipoishia yeye na nilipoanza mimi.

"Kaka Idrisa, una nini mwilini?"

Hakuuliza ninasema nini. Alirudi nyuma hatua tatu, akachuchumaa.

"Chuma," akasema. "Kipo hapa, kwenye nyonga. Kipande cha kopo."

Akanieleza, sauti ya chini, macho kwenye ule muhogo. Ngalawa ya Shabani haikupinduka. Walikuwa wanavua kwa baruti, yeye, mdogo wake na wenzao wawili, kama walivyofanya vijana wengi wa rika lao. Shabani ndiye aliyeshika kopo la baruti siku hiyo. Utambi ulikuwa mfupi. Waliobaki waliapa kwa mama kwamba ni wimbi, naye Idrisa alitibiwa kwa siri na mtu wa mbali, wakasema ameanguka kwenye miamba. Miaka baadaye picha ya hospitali ilionyesha kile kipande, na daktari akashauri kiachwe.

"Na Daktari Mohsin alipokwambia utoe kila kitu?"

"Ningesema nini, Rehema? Mtu wa kwanza angeniuliza kimeingiaje." Akainua uso. "Nipe mpaka Jumatatu. Nitamwambia mwenyewe. Nitatafuta namna."

Nikasema sawa. Nilimpa neno langu kwa moyo wote, na nilikuwa nampenda kama mtu anavyompenda kaka aliyejichagulia. Hilo naliandika kwa sababu sitaki mtu adhani lilikuwa jambo jepesi.

Kesho yake, Alhamisi, niliamka nikamkuta mtu anapima kiwanja kwa hatua. Alikuwa dalali, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, na Mama Koku alikuwa nyuma yake amejifunga kibwebwe. Alikuwa anauza. Mjumbe angekuja kabla ya adhuhuri kushuhudia, na bei aliyokubali ilikuwa ya kutupa. Nikamvuta pembeni nikamwomba asitie saini. "Kwa nini?" akauliza. Nikasema asubiri tu, mpaka Jumatatu. Akaniangalia kwa huruma. "Wewe ni mtoto mzuri. Lakini Daktari ndiye aliyesema ufa upo. Daktari akisema haupo, nitakaa." Idrisa alikuwa mbali, akipima mistari ya Bunju. Gari la Daktari lilikuwa linaingia getini. Nimejiuliza maisha yangu yote kama kulikuwa na njia ya tatu, na nimezipata kadhaa, zote baada ya miaka mingi. Asubuhi ile nilifungua mlango wa gari, nikakaa, nikamwambia Daktari kila kitu isipokuwa baruti.

Daktari hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitoa miwani akaifuta, akairudisha, akaifuta tena, akasema, "Haiwezekani." Kisha akatuma gari likamlete Idrisa. Nilidhani watazungumza ndani. Daktari, ambaye hakuwa mtu mkatili, alikuwa anaona namba peke yake saa ile. Alimsimamisha Idrisa uani mbele ya kipimo, na Mama Koku yupo, na mjumbe yupo, na dalali yupo na karatasi zake. "Vua shati. Vua suruali. Geuka. Songa karibu. Rudi." Idrisa alivua kama alivyoambiwa, kipande baada ya kipande, mpaka akabaki na bukta, na namba zikapanda na kushuka kila alipogeuka. Watu wazima walikuwa wanamtazama mtu mzima mwenzao akizungushwa kama mwizi aliyekamatwa. Nami nilikuwa ndiye ninayesoma namba kwa sauti. Alinitazama mara moja tu.

"Ni chuma, Daktari," akasema. "Kimo mwilini."

"Kimeingiaje?"

Aliyejibu ni dalali. Alikuwa ameegemea ukuta, na alisema kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya mchele, "Huyu si wa Kunduchi? Mie pia wa kule kule. Hicho chuma cha baruti hicho. Tunawajua. Kumbe ndo maana mdogo wake hakuonekana." Kisha akakunja karatasi zake, maana biashara ilikuwa imekufa, akaondoka zake kwa miguu kuelekea barabarani.

Ufa wenyewe uliisha kwa wiki tatu. Daktari alibeba fimbo mwenyewe, ingawa umri ulikuwa umemwendea, tukapita upya njia zote za Idrisa, na nyekundu ikayeyuka ramani nzima ikawa ya rangi moja tulivu. Kilichobaki ni ule mteremko laini wa uvutano, na mpasuko mmoja halisi mbali zaidi magharibi, chini sana, mahali ambapo wakati huo palikuwa na mbuzi tu. Daktari aliandika barua kwa wakubwa zake akijilaumu yeye mwenyewe, wala jina la Idrisa hakulitaja. Mama Koku alirudisha magodoro ndani. Mwaka mmoja na nusu ulipita kabla Bi Mwanaidi hajamtumia mwanawe salamu kwamba paa linavuja aje alitazame. Alikwenda, akaliziba, na tangu hapo akawa anakwenda. Hayo yote niliyasikia kwa watu. Mimi na Idrisa hatukuonana tena ana kwa ana, kwa sababu ya siku ile ile ya Alhamisi, na kile kipande ninachokiruka.

Dalali alipopotea kwenye kona, Idrisa alikuwa anavaa shati lake, vifungo vinamshinda. "Jioni mama atakuwa keshaambiwa," akasema. "Panda gari, Rehema. Umelifungua wewe, utakaa ulisikie." Daktari akatupa dereva. Tulimkuta Bi Mwanaidi uani kwake, kwenye jamvi, bunda la ukili miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza kama tumekula. Idrisa alipiga magoti mbele yake akasema yote kwa pumzi moja: kopo, utambi, kiapo cha uongo. Vidole vya mama yake viliendelea kusuka. Nilidhani hasikii. Alisuka mpaka mwisho wa ukindu aliokuwa ameushika, akaubana kwa kidole gumba usifumuke.

"Alikufa papo hapo," akauliza, "au aliita?"

Idrisa aliinamisha kichwa, akaukamata ukingo wa jamvi.

"Nakuuliza weye."

"Aliita, mama."

"Alimwita nani?"

"Mie. Aliita, kaka, kaka, nipe mkono." Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtu mwingine. "Nilimsikia. Nilikuwa nimekamata ubao, naumia, damu, na nikaogopa. Nikaogelea kwenda nchi kavu. Sikugeuka."

Hilo hakuwa ameniambia mimi. Hakuwa amemwambia mtu. Nilikuwa nimedhani ninachokileta kwenye ua ule ni chuma, na baruti, na uongo wa vijana watatu. Sikujua kuna kitu kingine chini yake. Bi Mwanaidi akaweka ukili chini, akanyoosha mkono. "Kiko wapi?" Idrisa akaonyesha. Akaweka kiganja kwenye nyonga ya mwanawe, juu ya nguo, akakandamiza taratibu kama anayetafuta mfupa uliovunjika, akazidi kukandamiza mpaka Idrisa akauma meno, wala hakujitoa. Kisha akauondoa mkono, akaufuta kwenye kanga.

"Nenda," akasema. "Nikikutaka nitakuita."

Idrisa akainuka, akatoka, mguu wa kushoto nyuma kidogo ya wa kulia. Nikabaki mimi na yule mama na jamvi. Nikaanza kumwomba radhi, maneno hayana mpangilio, nikasema kuhusu Mama Koku na nyumba yake na ramani, nikasema ilinibidi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nyumba ya huyo mama imepona?"

"Imepona."

"Alhamdulillahi." Akauokota ukili, akatafuta pale alipoachia. "Na ungekuja kuniuliza mie kwanza, mwanangu, unajua ningekwambiaje?"

"Sijui, mama."

"Ningekuomba unyamaze," akasema, na akaendelea kusuka.